Aliyebadilisha mipangilio ni mimi mwenyewe

"Mwanangu, hii tovuti yako imelala?" Ndivyo alivyonianza kwa simu mama mmoja mwenye duka la leso pale Biashara Street, ambaye tovuti yake naisimamia mimi. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, Mombasa nzima inaoza na kuoa kabla ya mfungo, na yeye siku tisa hajapata oda hata moja ya mtandaoni.

Nikajaza fomu ya oda mwenyewe. "Asante, tumepokea," ikajibu. Kwenye barua pepe ya mama, kimya. Nilipofungua mipangilio ya plagini ya fomu, yaani kiprogramu cha nyongeza kinachoendesha fomu ile, nikaona anwani ya kupokea oda si yake. Imepishana na yake kwa herufi moja tu. Nikapekua kumbukumbu za seva kumtafuta mwizi. Badiliko lilifanywa saa nne asubuhi, kutoka intaneti ya nyumbani kwangu, kwa kivinjari changu. Ila palikuwa na kitu kimoja: ombi lenyewe lilianzia kwenye tovuti nisiyoijua.

Hapo nikakumbuka. Siku hiyo mama alinitumia ujumbe wa mteja aliyetaka leso jozi sitini za arusi, na kiungo cha picha ya nakshi anayoitaka. "Nifungulie hii, kwangu inanipeleka mahali pa kuweka nywila." Nikabofya. Picha ikatokea, mara ukurasa ukaruka, nikajikuta ndani ya tovuti ya mama, kwenye mipangilio ya fomu, juu pameandikwa kwamba mabadiliko yamehifadhiwa. Nikadhani nimegusa kitu kwa bahati mbaya. Nikafunga, nikaenda kunywa chai.

Mchezo huu ndio wataalamu wanaouita CSRF (cross-site request forgery, yaani ombi la kughushi linalotoka tovuti nyingine), na mtu aliyekulia mitaani kwetu anaujua hata kama hajagusa kompyuta. Dukani mlikuwa na daftari la deni. Mtoto akifika, "nipe sukari kilo moja, andika kwa mama," mwenye duka anamtazama uso, anamjua ni wa nyumba ya nani, anapima. Sasa kijana mkubwa akimkamata mtoto yule njiani, "nenda kaniletee soda, sema andika kwa mama," soda inatoka vilevile. Mwenye duka amehakikisha mtoto ni nani. Hakuuliza katumwa na nani.

Kuki, kile kijidata ambacho tovuti hukiacha kwenye kivinjari ili ikutambue, ndiyo uso wa mtoto. Ukishaingia kwenye WordPress, mfumo unaoendesha tovuti ya mama, kivinjari kinabeba kuki yako kila kinapoiendea tovuti ile, hata kama aliyekituma ni ukurasa wa mtu mwingine wenye fomu iliyofichwa inayojituma yenyewe. Kwa hiyo nywila ndefu haikusaidii hapa, wala kile kikufuli cha https. Nami nilikuwa nimeweka alama ya "nikumbuke", ambayo kwenye WordPress hukuacha ndani siku 14.

Dawa ni kikaratasi cha mama: mtoto aje dukani na kikaratasi chenye saini ya mama yake, bila hicho hapewi kitu. Kila fomu ya usimamizi iwe na namba ya siri iliyotolewa na tovuti yenyewe, ambayo ukurasa wa kigeni hauwezi kuisoma. WordPress inayo tayari, inaiita nonsi, na huisha ndani ya saa 24. Mwandishi wa plagini anatakiwa aiweke kwenye fomu, kisha aikague fomu ikirudi.

Nikafungua msimbo wa plagini ile nikitarajia kukuta hakuna ukaguzi kabisa. Kumbe upo! Umeandikwa hivi: kama nonsi imeletwa na si sahihi, kataa. Na kama haikuletwa? Pita. Yaani mwenye duka anayekagua saini ya mama kwa miwani, lakini ukija mikono mitupu anakupa sukari bila swali. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya, maana kosa hilohilo nimewahi kuliandika mimi. Kwa hiyo wewe unayeandika plagini, ombi lisilo na nonsi ni ombi la uongo, likatae. Na usisahau kukagua pia ruhusa ya mtumiaji kwa current_user_can, amri ya WordPress ya kazi hiyo, kwa sababu nonsi haisemi kama mtu ana ruhusa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba onyo la plagini ile nilikuwa nimeliona wiki mbili nyuma. Lilipewa alama 4.3 kati ya 10, hatari ya wastani, kwa kuwa lazima kwanza msimamizi arubuniwe abofye. Nikajiambia mimi si wa kurubuniwa. Toleo lililorekebishwa lilikuwa tayari, nikaliacha hadi wikendi. Alama ile haimjui mama wa leso. Kwake, anwani moja ya barua pepe ndiyo duka zima.

Utaambiwa vivinjari vimeshalimaliza tatizo. Si kweli kabisa. Tangu 2020 Chrome haibebi kuki za kawaida kwenye fomu inayotumwa kutoka tovuti nyingine, na hilo limesaidia sana. Lakini mimi nilikuwa kwenye Firefox. Na plagini inayobadilisha au kufuta kitu kwa kubofya kiungo tu, bila fomu, hata Chrome haikukingi.

Siku hizi nina vivinjari viwili. Kimoja cha kusimamia tovuti za wateja, hakina barua pepe, hakina WhatsApp, na nikimaliza natoka. Viungo vya watu nafungulia kingine. Ni kero, hasa mteja akiwa anakuhimiza kwenye simu. Plagini zisizotumika nimezifuta, si kuzizima tu, na zilizobaki nimeziwasha zijisasishe zenyewe, jambo ambalo WordPress inaliruhusu tangu toleo la 5.5.

Mama naye alikuwa na akaunti ya msimamizi kamili, eti kwa heshima, duka si lake? Nikambadilisha kuwa mhariri, anaweka picha na bei, mipangilio haigusi. Akaniuliza kama nimemshusha cheo. Nikamwambia, "Ndiyo mama, na mimi pia nimejishusha. Akaunti ya usimamizi tunaifungua siku ya kazi tu."