Vinyago na vyungu vya mapambo: jinsi ya kuvituliza visidondoke

Ukiuza vitu vya mapambo hapa Arusha mjini, swali utakaloulizwa sana si la bei. Ni "kikivunjika je?" Mtalii anauliza akiwaza ndege. Mama wa Njiro anawaza watoto wake, na mzee wa Marangu aliyenunua chungu cha Upare anawaza wajukuu watakaojaa nyumbani Krismasi. Habari za tetemeko hakuna anayeuliza mpaka lipite. Wote nawajibu kwamba kitu kikifungwa vizuri dhidi ya mitikisiko midogo ya kila siku, hata ile mikubwa kitaihimili kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana kwangu kazi hii inaanza na malori, tetemeko linafuata nyuma.

Si kwamba ardhi yetu imelala. Tunaishi kandokando ya Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ilitikisika siku baada ya siku upande wa Gelai na Ziwa Natron, kama kilomita 100 hivi kutoka hapa mjini. Lile la tarehe 17 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na lilisikika mpaka Nairobi, watu wakatoka maofisini mbio. Septemba ya mwaka huohuo Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Bukoba, ukubwa uleule wa 5.9, na kule nyumba zilianguka na watu wakafa. Kwa hiyo anayesema matetemeko ni mambo ya Wajapani, mwache aseme.

Lakini kati ya tetemeko na tetemeko inapita miaka, na miaka yote hiyo kabati lako halipumziki. Fuso la mchanga linabadili gia barabara ya Moshi, sabufa la jirani linaamka Jumamosi, mlango wa geti unabamizwa na upepo. Kitu kilichokaa juu ya rafu ya kioo hakiruki, kinajongea. Mwaka 2013, katika makumbusho ya Manchester huko Uingereza, kisanamu cha Misri ya kale cha mtu aitwaye Neb-Senu, chenye urefu wa sentimita 25 hivi, kilionekana kikigeuka chenyewe ndani ya kabati lililofungwa. Watu wakaanza kunong'ona habari za laana. Kamera ilipotegwa ikaonyesha kwamba kinageuka mchana, wageni wakiwapo, na usiku kinatulia. Maelezo yaliyokubalika ni mitetemo ya nyayo na magari, pamoja na kitako ambacho hakikuwa bapa. Ingekuwa Arusha, angeitwa mchungaji kwanza.

Jaribu hivi nyumbani. Chukua bilauri, jaza maji nusu, iweke rafu ya juu kabisa ya kabati, kisha kaa uangalie uso wa maji. Dukani kwangu asubuhi maji hutulia kabisa. Lori likikaribia, vinaanza viduara vidogo katikati, vinatanuka mpaka kwenye kingo za bilauri, na mara nyingine naviona kabla sikio halijasikia injini. Ukishaona hivyo, ondoa bilauri, sukuma kabati kidogo kwa kiganja kwenye kona ya juu, uliachie. Likiyumba na kurudi na kuyumba tena, shughulika na kabati kwanza, vyombo vingoje.

Halafu pima vyombo vyenyewe. Gawanya upana wa kitako kwa urefu. Chombo chenye kitako cha sentimita 10 na urefu wa 40 kinakupa robo. Maana yake, kama uzito wake umekaa katikati, msukumo wa pembeni unaofikia robo ya uzito huo unatosha kukipindua. Chungu kifupi na kipana, kitako sentimita 20 na urefu 25, kinataka zaidi ya robo tatu, na kabla ya kufika hapo kitakuwa kimeshateleza. Kwa hiyo virefu vinapinduka, vifupi vinateleza hadi ukingoni, na dawa zake haziwi moja.

Vinavyonitia hofu kuliko vyote ni vinyago vya ujamaa vya Wamakonde, wale watu waliopandana mabegani katika gogo moja la mpingo. Ni virefu, chini vyembamba, na mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Kikianguka, chenyewe pengine kinapona. Kinachokufa ni sahani ya jirani na kioo cha rafu. Vya mawe laini ya Kisii ni kinyume chake: jiwe lile kisu kinalikwangua bila shida, na shingo ya twiga inakatika hata akidondoka kutoka kwenye kiti. Tanzanaiti nayo watu huidhania ngumu kwa sababu ni ghali. Ina upande mmoja ambao ikigongwa inapasuka safi, basi jiwe lililo bado na umbo lake la asili usiliache limesimama peke yake juu ya kioo.

Sasa kabati. Fundi atakuambia, "Mama, hili zito, haliendi kokote." Mwambie alifunge tu. Kabati refu linafungwa ukutani kwa juu, pande zote mbili, kwa vyuma vya kona vinavyoshika fremu ya mbao, si ule ubao mwembamba wa mgongoni uliopigwa misumari midogo. Ukutani ni fisha, kile kiplastiki cha kushikia skrubu, na skrubu yenyewe, na hapa ndipo mafundi wanapokimbilia kumaliza. Kuta zetu zina lipu. Fisha ikiishia kwenye lipu, siku ya siku inang'oka na lipu lake. Itobolewe mpaka fisha yote ilale ndani ya tofali, na skrubu iwe ya sentimita 7 au 8. Kama ukuta ni wa jipsamu, tafuteni kwanza fremu ya ndani ndipo mfunge hapo. Jipsamu tupu haibebi kabati. Simama hapo mpaka amalize, kisha ning'inia kidogo kwenye chuma mbele yake. Hatakasirika. Akikasirika, atakuwa na sababu.

Milango ya kabati mingi inashikwa na sumaku, na sumaku inaachia kabati likitikiswa kwa nguvu. Ongeza komeo dogo. Vizito viende rafu za chini, ingawa najua kila mtu anapenda chungu kikubwa kikae juu kama taji. Juu ya kochi na juu ya kitanda kusiwe na kitu cha kioo wala cha udongo. Na anayeishi ghorofani azidishe umakini, kwa sababu jengo likiyumba, orofa za juu ndizo zinazoyumba zaidi. Kioo cha mlango unaweza kukipeleka kwa wale mafundi wa tinti za magari wakakibandikia karatasi isiyo na rangi. Haitazuia kioo kupasuka, ila vipande vitabaki vimeshikana badala ya kumwagika miguuni pa mtoto.

Ndipo tunafika kwenye kitako cha chombo. Makumbusho ya Getty huko Los Angeles yametengeneza vitako maalumu vinavyoteleza chini ya sanamu, jengo likitikisika sanamu isipokee mtikisiko wote. Hayo tuwaachie wenyewe. Mimi natumia nta ya nyuki, ile wanayobaki nayo wauza asali. Nafinyanga kipande kidogo kati ya vidole mpaka kilainike, natengeneza vidonge vya ukubwa wa punje ya dengu, naviweka vitatu au vinne kwenye ukingo wa chini wa chombo, kisha nakibonyeza kwenye rafu huku nakizungusha kidogo. Rafu iwe imefutwa, kavu. Julai hapa kwetu baridi inaifanya nta iwe ngumu, kwa hiyo kagua mwezi huo na ubadilishe iliyoachia. Nta ya mishumaa usihangaike nayo, inapukutika.

Ile gundi laini ya kubandikia mabango, inayouzwa stationeri, inafaa pia kwa kioo na vyombo vya kauri vilivyong'arishwa. Kwa chungu cha udongo kisicho na king'arisho, kwa jiwe na kwa mbao tupu, hiyo na nta zote zinaacha doa la mafuta. Weka kwanza duara la plastiki ngumu au kata kitako cha mbao chenye ukingo ulioinuka kidogo, chungu kikae ndani yake. Supagluu hapana. Silikoni ya mafundi wa mabomba hapana vilevile: inashika mpaka siku ya kuitoa unatoa na kitako, na ile yenye harufu ya siki inatoa asidi inayoharibu shaba.

Virefu vyenye tundu, kama jagi au chombo cha maua, vitie mchanga mpaka theluthi. Mchanga uwe mkavu, uingie ndani ya mfuko wa plastiki kwanza, usikwaruze ndani wala usiache unyevu. Kibuyu usikijaze, kuta zake ni nyembamba, na kama ni kile cha mbege cha bibi aliyetangulia mbele za haki, hutaki kupasua kitu ambacho hakiuzwi dukani. Kibuyu kifunge kwa uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki. Makumbusho ya Japani yanatumia njia hiyo kwa vyombo vya thamani kubwa. Uzi upite shingoni, ushuke pande mbili au tatu mpaka kwenye vijiskrubu vyenye pete nyuma ya kitako, ukazwe kidogo tu. Ukikaza sana, uzi wenyewe ndio utakaokata. Ukisimama hatua mbili mbali huuoni.

Jambo ambalo watu wanalisahau ni kumwambia anayefuta vumbi. Dada akija Jumatatu, hajui kwamba jagi limegandishwa, atalishika mkono wake na kulivuta juu, na atabaki ameshika mkono wa jagi. Mwonyeshe mwenyewe: shika chini, kwenye tumbo la chombo, zungusha taratibu mpaka nta iachie, ndipo unyanyue. Mwonyeshe pia watoto wakubwa. Mzee wa Marangu yeye alimwonyesha mkewe, na sasa mkewe ndiye anayenipigia simu kuulizia nta.

Kwa anayejenga, kuna njia nzuri kuliko zote hizi. Nyumba za kale za Lamu na Zanzibar zina zidaka, vishubaka vilivyochimbwa ndani ya ukuta, ambamo watu walipanga sahani na mabakuli ya Kichina. Chombo kina ukuta kulia, kushoto na nyuma, kimebaki na upande mmoja tu wa kuangukia. Ukimwambia fundi mapema, kabla ya lipu, ni kazi ndogo.

Ardhi ikitikisika kweli, usikimbilie kushika kabati. Ingia chini ya meza imara, ufunike kichwa, chombo kiache. Mtikisiko ukiisha vaa viatu kwanza. Mlango wa kabati ufungue taratibu, mkono mmoja umetangulia kwenye mwanya, kwa sababu mara nyingi kuna kitu kimeegemea upande wa ndani. Kilichovunjika okota vipande vyote, hata vya ukubwa wa punje ya mchele, uvitie kwenye bahasha na kuandika juu yake ni vya chombo gani. Usijaribu kuviunganisha mara kwa mara kuona kama vinakutana. Kila vinaposuguana kingo zinaliwa, na yule atakayekuja kugundisha ataikuta nafasi ambayo haikuwapo siku ya kwanza.