Mke amenuna tangu nitaje MR-S

Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa mtoto mmoja wa miaka minne, makazi yangu Uyole, Mbeya. Nina Toyota MR2 ya mwaka 1994, ile SW20, siti mbili, injini nyuma ya viti, otomatiki, haina turbo. Niliinunua kabla sijaoa. Sasa kuna jamaa Iringa anauza Toyota MR-S ya 2003, nayo siti mbili, manyuo, gia sita, turubai jeusi juu. Nimeiendesha mara moja tu na usingizi umenipotea. Nimemweleza mke wangu faida zote kwa familia: spea ni rahisi kwa sababu injini yake ndiyo ile ya Allion na Wish, ni salama zaidi, halafu inakula mafuta kidogo. Alinijibu, "Ukibadilisha, basi lete la kukaa watu," akaingia jikoni. Tangu siku hiyo ni salamu tu. Zamani Jumamosi alikuwa anachukua gari na mtoto kwenda Tukuyu kwa mama yake, siku hizi hata funguo hagusi, anapanda Hiace. Nyongeza ya pesa itatoka kwenye hela yetu ya parachichi, miti ipo shamba walilotupa wakwe zangu. SW20 ataichukua binamu yangu, atakuwa ananilipa kidogo kidogo. Shangazi, mke wangu anaionea gari wivu? Na je, nibadilishe au nibaki na la zamani? Ndaga fijo.
– Mwana wa Uyole

Marahaba mwanangu. Barua yako ilikuwa ya kurasa tatu na nimeifupisha ili wasomaji wengine wapate nafasi. Kurasa mbili na nusu zilikuwa za gari. Mke, mtoto, wakwe na shamba wamebanana kwenye nusu iliyobaki. Nitaanza na gari hata hivyo, maana najua nisipokujibu hilo kwanza, mengine utayapitia juu juu.

Mimi nimekulia gereji. Baba alikuwa fundi injini pale Iyunga, kwa hiyo namba za injini hazinitishi. Gari unalolitaka ni kizazi cha tatu cha ukoo wa MR2 ulioanza mwaka 1984. Lako ni cha pili, kilichotoka mwishoni mwa 1989 na kufungwa 1999. MR-S ikaingia sokoni Japani Oktoba 1999, ikaisha 2007. Vizazi vyote vitatu injini imekaa palepale, nyuma ya mgongo wa dereva na mbele ya ekseli ya nyuma. Hata hivyo waliotengeneza hiki cha tatu walipunguza mwili sana. Lako linavuka kilo 1,200, MR-S inacheza kwenye kilo 1,000. Bodi ni fupi kuliko yako, lakini umbali kutoka tairi la mbele hadi la nyuma umeongezeka, kutoka sentimeta 240 hadi 245. Ule utulivu uliousikia kwenye kona, mpaka ukakosa usingizi, chanzo chake ni hicho.

Na kona ndiyo habari ya magari haya. SW20 za mwanzo zilijipatia sifa mbaya duniani: dereva akiingia kona kwa kasi, akishtuka na kuachia mafuta ghafla, uzito wa nyuma unaendelea na safari yake na gari linageukia lilikotoka. Toyota wakarekebisha miguu na matairi kwa magari ya kuanzia 1992 hivi, kwa hiyo lako la 1994 liko upande wa heri. MR-S inasamehe zaidi. Haina maana kwamba haiwezi kukuzungusha. Barabara ya Chunya pale Kawetire, ukungu umeshuka na lami imelowa, gari lolote lenye injini mgongoni linataka dereva mwenye mguu mpole. Ukishaingia kona usibadili mawazo.

Nguvu sasa. MR-S ina farasi 140 kwa vitabu vya Japani, pungufu ya hilo lako la lita mbili. Tena sisi tuko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 kwa sababu hewa ni nyepesi. Zile 140 zitafika Uyole hazizidi 120. Bahati nzuri umeionja Iringa, nako si bondeni, basi hakuna kitakachokushangaza. Kwa uzito ule zinatosha.

Spea umesema kweli, nusu. Injini ya MR-S, ile 1ZZ, utaipatia pete, gasketi na plagi Mwanjelwa bila jasho, kwa sababu Allion, Premio na Wish za 1.8 zimejaa mjini. Turubai, taa, vioo na bampa si habari ya Mwanjelwa, hivyo utaagiza na kusubiri. Na usidanganyike kwamba unaagana na gari yatima. Injini yako ya 3S ina ndugu kwenye Noah za zamani na RAV4 za mwanzo, na mafundi wa hapa wanaijua familia hiyo kwa macho yaliyofumba.

Mafundi wengi wasichokijua ni maji. Kwenye magari haya rejeta iko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Fundi akijaza rejeta kama anavyojaza Corolla, hewa inabaki katikati ya bomba, mshale wa joto unapanda, naye anakwambia gasketi imeungua. Hakuna kilichoungua. Anatakiwa afungue vitoleo vya hewa ajaze taratibu mpaka yatoke maji matupu. Muulize jamaa wa Iringa nani anamhudumia gari, na huyo fundi umuulize anajazaje maji. Jibu lake litakuonyesha gari limeishi maisha gani.

Halafu oili. 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa kula oili: pete za pistoni zinaziba kwa masizi na kukwama. Baadaye pistoni zilirekebishwa, na gari la 2003 lina nafasi nzuri ya kuwa nazo, ila gari la umri huo huenda limeshabadilishwa injini mara nyingine, kwa hiyo mwaka wa kadi usikutulize. Pia kuna kichujio cha moshi kilichofungwa karibu kabisa na injini, ndani yake kama udongo wa kuchoma. Kikimeguka, vumbi lake linaweza kurudi kwenye silinda na kuzikwangua.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda asubuhi kabla gari halijawashwa, ushike boneti ya nyuma uone ni baridi kweli. Chomoa dipstiki utazame kiwango. Liwashe, teremka nalo hadi Ipogolo, ugeuze, ulipandishe ile njia ya kwenda mjini kwa gia ya pili bila huruma. Juu, liache likinguruma palepale kwa muda ukitazama mshale wa joto. Kisha teremka tena ukiwa umeacha mafuta kabisa, injini ndiyo ishike mwendo, na ukifika chini kanyaga mafuta huku jicho likiwa kwenye kioo. Moshi wa bluu ukitoka, mshukuru mwenyeji, panda basi urudi. Soma na namba ya chasisi, ianze na ZZW30. Mwagia turubai maji ndoo mbili tatu, upapase mazulia nyuma ya viti. Pale pana matundu ya kutolea maji ambayo majani huyaziba, na kwa mvua za Rungwe utafuga vyura humo ndani.

Ukikuta zuri, ni gari zuri. Afadhali hilo la manyuo kuliko zile za gia unazobadili mwenyewe bila klachi ambazo MR-S nyingine zinazo, maana pampu yake ikifa hapa kwetu utazunguka nayo mpaka uchoke. Na achana na marafiki wanaokushauri uagize Japani. MR-S ya mwisho ilitengenezwa 2007, kwa hiyo kila moja sasa imevuka miaka 10 na itakutana na ushuru wa uchakavu bandarini.

Haya, gari tumemaliza. Sasa ile nusu ukurasa.

Umeandika kwamba gari lako ni otomatiki na mke wako Jumamosi alikuwa anaendesha, yeye na mtoto, kwenda Tukuyu. Umeandika pia kwamba hili jipya ni manyuo. Vitu hivyo viwili umeviweka kwenye barua moja na hukuviona vinagongana. MR-S haikuwahi kutengenezwa na otomatiki ya kawaida. Siku utakapoiegesha uani, mke wako atakuwa amepoteza usukani. Leo siti mbili zinawatosha yeye na mtoto, na ukitaka kwenda nyote watatu mnapanda bajaji. Kesho zitakutosha wewe na yeyote utakayemchagua, yeye akiwa stendi ya Uyole na mtoto kiunoni akigombania Hiace.

Unaniuliza kama anaionea gari wivu. Hapana. Mwanamke aliyekubali kuolewa na mtu mwenye gari la siti mbili, akazaa, akajifunza kuliendesha gari hilohilo na kulipeleka kwa mama yake, huyo hana wivu na gari. Alikuwa ameshalifanya lake. Funguo alizoacha kugusa ndizo jibu lake, wala halihitaji mkalimani.

Kilichomkera nadhani ni kingine zaidi. Ulipomweleza ulisema "kwa familia". Spea, mafuta, usalama, yote ukayapanga kama muuza duka. Yana ukweli wake, sawa, lakini hakuna hata moja lililokukosesha usingizi. Umekosa usingizi kwa sababu gari ni tamu. Tena hilo la usalama ungeliacha kabisa: MR-S ina eabegi mbele ya abiria, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, uliopimwa kwa mtu mzima, na gari lisilo na kiti cha nyuma mtoto wa miaka minne hana pengine pa kukaa isipokuwa hapo mbele yake. Mama mtu analijua hilo bila kufundishwa na shangazi. Ukimletea tamaa yako ukiivisha sare ya shule ya mtoto wake, atanuna, na mimi ningenuna.

Tamaa yenyewe si dhambi. Mwanaume anayefanya kazi, halewi, na furaha yake ni kupanda Kawetire Jumapili asubuhi akarudi nyumbani kwa chai, ana haki ya gari lake. Mwambie hivyo: naitaka kwa sababu naipenda. Atacheka au atasonya, lakini mtakuwa mnazungumzia kitu kimoja.

Pesa ya parachichi usiiguse kwa ajili ya MR-S. Unaiita "yetu", na miti imesimama kwenye shamba la wazazi wake. Nawafahamu Wanyakyusa, mwanangu, nami ni mmoja wao. Baba mkwe hatasema neno. Siku ya msiba au ya harusi, mbele ya watu, atakuuliza lile gari la upepo linaendeleaje.

Uamuzi wangu ni huu. Uza SW20. Bei utakayoipata ndiyo bei ya MR-S yako, na jamaa wa Iringa akikataa kushuka hadi hapo, mwache nalo, magari hayo hayana wateja wengi nyanda hizi na atakupigia mwenyewe. Hela ya parachichi mnunue gari la mama, otomatiki, milango minne, hata iwe IST au Passo, na kadi iandikwe jina lake. Hilo litangulie. Kama hela haitoshi mpaka msimu ujao, basi MR-S inasubiri msimu ujao, na SW20 inabaki uani, funguo zikiwa mahali anapoweza kuzifikia. Ukishindwa kusubiri, ujue tu kwamba umechagua, usije ukaniandikia tena mwezi wa tisa ukiuliza kwa nini chakula kinawekwa mezani bila maneno.

Jumamosi hii usiende Iringa. Nenda naye Tukuyu kwa hiyo Hiace, mtoto umpakate wewe, na viazi vya watu vikikubana miguu pale Isongole usilalamike. Mkirudi ndipo mzungumze.

Na binamu yako wa kidogo kidogo, mwambie alete yote kwa mkupuo. Mkataba kwa wakili, deni la trafiki liangaliwe kabla, jina libadilishwe TRA, kisha ndiyo ashike funguo. Akinuna na yeye, huyo simo.