Wasomaji Wanauliza: Darasa la Kiingereza la Wahamiaji

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa Waswahili walioko Marekani wanaofundisha wenzao Kiingereza kwa kujitolea. Tumejibu tatu.

*Tuko Louisville, Kentucky, wengi wetu tumetoka Kongo. Tunafundisha kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Mwanzoni walikuja watu zaidi ya ishirini, sasa hawafiki kumi. Tumekosea wapi?*

Ndugu zetu, tuanze na namna mnavyowapokea wanafunzi. Mkipima Kiingereza peke yake, mama ambaye hajawahi kushika kalamu na baba aliyemaliza sekondari Bukavu wataonekana sawa, kwa sababu wote wawili hawajui kujibu. Mkiwaweka benchi moja, baada ya wiki tatu mmoja amechoka na mwingine ameona aibu. Wote wanabaki nyumbani.

Kabla ya muhula ujao kaeni na kila mtu dakika 15, pembeni, wenzake wasisikie. Mpeni sentensi tatu fupi katika lugha anayoijua vizuri, iwe Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda, asome. Kisha aandike jina na anwani yake. Mwisho aulizwe kwa Kiingereza anakaa wapi na jana alifanya nini. Hapo mtajua nani hasomi kabisa, nani anasoma lugha yake lakini si Kiingereza, na nani tayari anaweza kujieleza.

Wasiosoma kabisa waanze na sikio na mdomo. Wiki tatu au nne za kwanza wajifunze kusema saa, pesa, sehemu za mwili na mambo ya basi, ndipo waoneshwe maneno hayohayo yakiwa yameandikwa. Mtu anayeunganisha herufi za neno ambalo hajawahi kulisikia hana namna ya kujua kama amepatia. Maneno mapya matano hadi saba kwa kipindi yanatosha, yachapwe kwa maandishi makubwa, fonti ya ukubwa wa 18 au zaidi. Tumieni vitu vyenyewe: sarafu, bili ya umeme, chupa ya dawa yenye lebo. Michoro ya vitabuni huwatatiza watu wazima ambao hawakupita shuleni, kwa kuwa kusoma mchoro nako hufundishwa. Kushika penseli na kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia ni somo kamili, msiliharakishe.

Wanaosoma Kiswahili wana shida nyingine. Wamezoea kwamba kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa, kwa hiyo neno "name" watalisoma na-me. Waanzishieni maneno ya familia moja kama cat, hat, bat, kisha muwaoneshe kazi ya e ya mwisho: hat na hate, not na note. Sikilizeni pia irabu wanayoongeza mwisho wa neno, "bus" likawa basi. Mwalimu anayejua Kiswahili atumie Kiswahili kueleza jambo kama hili kwa sentensi moja, kisha arudi kwenye Kiingereza.

Sasa mahudhurio. Mara moja kwa wiki ni kidogo mno, yanayofundishwa Jumamosi yanasahaulika kabla ya Jumamosi nyingine. Wekeni vipindi viwili, na ulizeni zamu za kazi kabla ya kupanga saa. Ikiwa wengi wanafanya usiku kwenye maghala, somo la saa tatu asubuhi huwakuta wanalala. Kila kundi la watu wanane hadi kumi liwe na walimu wawili walioahidi muhula mzima wa wiki 10, ili mmoja akiugua somo lisifungwe. Mwanafunzi aliyepanda basi mbili akakuta mlango umefungwa, harudi. Ukumbusho wa jioni ya kuamkia somo utumwe kwa sauti kwenye WhatsApp, maana ujumbe wa maandishi hautamfikia asiyesoma. Watoto wapate chumba chao na walezi wawili ambao rekodi zao za jinai zimekaguliwa.

*Je, ni lazima tusajiliwe? Gharama ni kiasi gani?*

Mwaka wa kwanza ni afadhali mfanye kazi chini ya mwavuli wa kanisa au asasi iliyokwisha kusajiliwa, ipokee michango kwa niaba yenu, na makubaliano yaandikwe. Mkitaka kusimama wenyewe, andikisheni asasi isiyo ya faida katika jimbo, halafu mchukue EIN, yaani namba ya utambulisho wa mwajiri, kutoka IRS, idara ya kodi ya Marekani. Namba hiyo ni bure, anayewadai pesa ni dalali. Kisha ombeni msamaha wa kodi. Kama mapato hayatazidi dola 50,000 kwa mwaka na mali haizidi dola 250,000, kwa kawaida fomu fupi ya ombi hilo, 1023-EZ, inawatosha, ada dola 275. Fomu 1023 kamili ni dola 600.

Hati ya kuanzisha asasi iseme kwamba ikivunjwa, mali itakwenda kwa shughuli ya hisani. Na kila mwaka jazeni 990-N, taarifa ya mwaka ya asasi ndogo kwa IRS, ambayo kwa mwaka wa Januari hadi Desemba mwisho wake ni Mei 15 ya mwaka unaofuata. Ni fupi sana, ndiyo maana husahaulika, na asasi isiyowasilisha taarifa miaka mitatu mfululizo hufutiwa msamaha moja kwa moja.

*Wanafunzi wanatuomba tuwajazie fomu ya uraia, N-400. Tufanye?*

Hapana. Ushauri wa sheria ya uhamiaji unatolewa na wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Jibu moja lisilo sahihi kuhusu safari au kukamatwa linaweza kumwangamiza mtu. Mpelekeni kwa wenye idhini.

Kazi yenu ni kuwaandaa kwa mtihani wa uraia. Kwanza muulizeni mwanafunzi tarehe aliyowasilisha ombi lake. Waliowasilisha kuanzia Oktoba 20, 2025 wanajifunza maswali 128 ya uraia, wanaulizwa hadi 20 na wapate 12. Wa kabla ya hapo wana maswali 100, wanaulizwa hadi 10 na wapate 6. Kwa kawaida wote wanatakiwa kusoma kwa usahihi sentensi moja ya Kiingereza kati ya tatu, na kuandika moja kati ya tatu. Lakini mwenye miaka 50 aliyekaa miaka 20 na kadi ya ukaazi wa kudumu, au mwenye 55 aliyekaa 15, hapimwi Kiingereza. Atajibu maswali ya uraia kwa lugha yake kupitia mkalimani, kwa hiyo mzee huyo mfundisheni kwa Kiswahili.