Klasi ya Fedha: ipe alama ya +, ila isibadilishe sarafu kimyakimya

Mkuu, umeuliza kama klasi yako ya Fedha (muundo unaobeba kiasi pamoja na sarafu yake) kwenye lugha ya programu ya Python uipe alama ya +, yaani uandike mwenyewe namna + itakavyoijumlisha, au uandike tu methodi (kazi ya klasi inayoitwa kwa jina) ya jumlisha(). Nimeandikia ofisi za utalii hapa Arusha programu za kupanga bei, na jambo hili limenipitia mikononi.

Ipe. Anayekuta malazi + chakula haulizi maana yake. Kwenye lugha ya Java ukitumia BigDecimal, aina yake ya namba za desimali, unaandika malazi.add(chakula).multiply(siku), na hesabu ya mistari mitatu inageuka msitu wa mabano. James Gosling, muasisi wa Java, aliiacha ruhusa hii ya kuzipa alama maana mpya nje ya Java kwa makusudi, kwa sababu alishaona watu wakiitumia vibaya kwenye lugha ya C++. Namwelewa kabisa, maana nami niliitumia vibaya.

Huku kwetu wakati ule safari iliuzwa kwa dola, lakini chakula, mafuta ya gari na posho ya mpishi vililipwa kwa shilingi. Ndani ya __add__, methodi ambayo Python huiita inapokutana na +, nikaandika kwamba sarafu zikitofautiana, ya kulia igeuzwe ifuate ya kushoto, kwa kiwango cha shilingi 2,300 kwa dola. Ikaenda vizuri muda mrefu. Mwishoni mwa 2023 dola ilishavuka 2,500 na hakuna aliyeikumbuka ile namba, kwa kuwa ilijificha nyuma ya alama ambayo kila mtu anaiamini.

Aliyegundua ni mhasibu, kwa kikokotoo chake cha mezani. Chakula shilingi 350,000, malazi dola 400. Programu inasema 1,270,000. Yeye, hata kwa 2,500 kamili, anapata 1,350,000. Shilingi 80,000 zimepotea kwa kundi moja la wageni, na makundi yalikuwa mengi. Nikajaribu kutanguliza malazi, chakula kifuate: jibu likaja dola 552.17. Hapo ndipo niliposhtuka. Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba kugeuza mpangilio hakubadilishi jumla, na mimi nilikuwa nimeivunja kanuni hiyo ndani ya programu ambayo mishahara ya watu inaitegemea.

Sasa + yangu inajumlisha sarafu moja tu. Zikitofautiana inatupa kosa la ValueError na kusimama. Anayetaka kubadilisha anaita badili(sarafu, kiwango) kwa jina lake, na kiwango anakiandika yeye, kionekane kwa kila anayesoma.

Utakwama pia kwenye sum(), kazi ya Python ya kujumlisha orodha nzima. Inaanza na 0, kwa hiyo hatua ya kwanza ni 0 + Fedha. Namba kamili haiijui klasi yako, basi Python inageukia upande wa kulia kutafuta __radd__, methodi ya kujumlisha ya kilicho kulia kwa +. Isipoikuta unapata kosa la TypeError. Mimi napenda kuipa sum() kianzio, Fedha(0, "TZS"), badala ya kuifundisha klasi kwamba sifuri tupu nayo ni fedha. Na ukijumlishiwa kitu usichokitambua kabisa, rudisha NotImplemented, jibu la kuiambia Python kwamba hujui kulifanya hilo, ili upande wa pili nao upate nafasi ya kujibu.

Ukiandika __eq__, methodi ya kulinganisha kwa ==, andika na __hash__, ile inayokipa kitu namba ya kukitafutia, papo hapo. Usipofanya hivyo Python inaiondoa ile ya kurithi, na siku utakayotaka kuweka Fedha kwenye seti au kuifanya ufunguo wa kamusi, itakukatalia. Fedha mbili ukizilinganisha, linganisha na sarafu zake: 400 za dola na 400 za shilingi zisiwahi kuwa sawa.