Maswali na majibu: Ndimu usoni, seramu iliyogeuka rangi ya chai, na maganda ya kahawa ya Machame

Safari hii karibu barua zote zinahusu matunda na ngozi. Kwa msomaji mgeni: jua na moshi wa magari huzalisha ndani ya ngozi chembe korofi zinazoshambulia mafuta na kolajeni, ile protini inayoikaza ngozi. Antioksidanti, kama vitamini C, vitamini E na zile zilizomo kwenye komamanga au zabibu, huzituliza kabla hazijaharibu vingi. Matunda yanazo, hilo halina ubishi. Ubishi ni namna ya kuzifikisha kwenye ngozi zikiwa bado na nguvu.

Dada, habari za kazi. Shoga yangu alinifundisha kukamua ndimu, kuchanganya na asali na kupaka asubuhi ili kuondoa madoa ya chunusi. Nilipaka nikaenda shambani. Kesho yake mashavu yaliwaka moto, yakatoa malengelenge, na sasa nina mabaka meusi kuliko madoa ya mwanzo. Ndimu ilikuwa mbovu? (Mama wa Ngaramtoni)

Pole sana, mama. Ndimu haikuwa na kasoro, ndivyo ilivyo. Ina kemikali ziitwazo furokumarini, ambazo zikibaki kwenye ngozi halafu jua likaipiga, huiunguza. Malengelenge huja siku moja au mbili baadaye, ndiyo maana wengi humlaumu mdudu au sabuni. Limao nalo lina tabia hiyo, ila ndimu imezidi.

Hata jua lingekuwa halipo, hesabu inakataa. Gramu 100 za maji ya limao zina takriban miligramu 40 za vitamini C, na ndimu haifiki hapo. Seramu (kimiminika cha dukani cha kupaka usoni) yenye vitamini C ya asilimia 10 ina gramu 10 katika kiasi hichohicho, yaani mara 250. Ulichopaka kilikuwa tindikali nyingi na vitamini kiduchu.

Acha kabisa ndimu, usisugue, paka mafuta mazito yasiyo na manukato, na ukitoka vaa kofia pana na losheni ya kukinga jua. Mabaka hufifia, lakini huchukua wiki hadi miezi. Yakitoa usaha, nenda hospitali. Na usidanganywe na ubaridi wa Arusha: mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mionzi huongezeka kadiri unavyopanda. Ile asubuhi ya Julai yenye ukungu na sweta nayo ina jua lake.

Seramu yangu ya vitamini C ilikuwa kama maji, sasa imekuwa kama chai ya rangi. Niliinunua kwa bei, sitaki kuitupa. Niendelee? (Mwanafunzi, Rau, Moshi)

Hapana, mdogo wangu. Ikiwa na umanjano hafifu unaweza kuimalizia haraka. Ikishafika rangi ya chai, vitamini imeshaungana na hewa, kazi yake imekwisha, na inaweza hata kukuwasha. Vitamini C ya aina ya askobiki inachukia vitu vitatu: hewa, mwanga na joto, na Moshi mwezi wa Februari joto halina huruma. Safari ijayo tafuta chupa ya rangi nyeusi au kahawia, ndogo, yenye pampu, uiweke mbali na dirisha. Ukiona kwenye lebo ina vitamini E na asidi ya feruliki pia, hiyo ni dalili nzuri. Hizo mbili huisaidia isiharibike upesi.

Nasaga parachichi, nachanganya na mafuta ya nazi na vitamini E ili isiharibike, nauza kwa majirani. Siku ya tano inanuka na juu kuna utando. Niongeze vitamini E kiasi gani? (Mjasiriamali, Sakina)

Hata ukimimina chupa nzima haitasaidia. Nalikuta kosa hili kila mahali. Vitamini E inazuia mafuta yasichache. Haiui bakteria wala kuvu. Nyama ya parachichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 70, na penye maji na chakula vijidudu wanaingia. Tafadhali sitisha mauzo kwanza. Krimu yenye utando inaweza kumpa mtu maambukizi, hasa akipaka karibu na macho au penye kidonda.

Njia rahisi ni kuachana na nyama na kutumia mafuta ya parachichi yaliyokamuliwa bila moto. Bidhaa isiyo na tone la maji hukaa miezi, mradi wateja wasiingize vidole vilivyolowa kwenye kopo. Chagua chupa isiyopitisha mwanga: ule ukijani mzuri wa mafuta hayo unatokana na klorofili, na klorofili ikikutana na mwanga huyachachisha.

Ukishikilia kutaka krimu yenye maji na kiini cha tunda, basi lazima uwe na kihifadhi halisi na karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha utindikali. Sodiamu benzoeti, kwa mfano, inafanya kazi pale tu krimu inapokuwa na utindikali, pH chini ya 5. Kabla ya kurudi sokoni, pita ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze njia ya kufika TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Ile TFDA ya zamani, mamlaka iliyosimamia chakula, dawa na vipodozi, sasa ni TMDA na inashughulika na dawa na vifaa tiba.

Nitajuaje kama krimu yenye picha ya komamanga ina komamanga kweli? (Njiro)

Geuza kopo. Kwa kawaida viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na vilivyo chini ya asilimia moja hupangwa vyovyote. Tafuta fenoksiethanoli, kihifadhi ambacho kwa kawaida hakizidishwi asilimia moja. Komamanga ikitajwa baada yake, umenunua picha.

Mimi bodaboda, niko juani kutwa. Nikipaka seramu, losheni ya jua ya nini tena? (Pasua)

Seramu husafisha baadhi ya madhara, losheni huzuia mionzi isiingie. Ukiwa na hela ya kimoja, nunua losheni. Hapo Moshi hutengenezwa losheni ya jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, nayo kazi yake ni kukinga jua kwanza.

Tunasikia Ulaya wanaweka maganda ya kahawa kwenye vipodozi. Sisi tunayamwaga kwenye migomba. Tunaweza kuyauza? (Mkulima, Machame)

Shikamoo baba. Mlichosikia ni kweli: ganda la kahawa mbivu lina asidi ya klorojeniki, antioksidanti nzuri, na ganda hilo ni karibu asilimia 40 ya uzito wa kahawa mliyochuma. Mali mnayo.

Kazi iko kwenye saa chache baada ya kumenya. Lundo likilala usiku mmoja linachacha, linabadilika rangi, na ile antioksidanti inapotea humohumo. Inabidi maganda yatandazwe siku ileile, membamba, juu ya kichanja, yageuzwe mpaka yavunjike mkononi. Yakiota ukungu yanaweza kuwa na sumu, na hakuna atakayeyapokea.

Jambo la pili ni dawa. Mnaopulizia mrututu, dawa yenye kopa (shaba), dhidi ya ugonjwa wa chulebuni, kopa hubaki kwenye ganda lenyewe, na kopa huharakisha kuharibika kwa kilekile mnachotaka kuuza. Mnunuzi makini atapima. Kwa hiyo anzeni na chama chenu cha msingi, na maganda ya wakulima wasiopulizia pekee, yakaushwe kando, kilo chache zipelekwe maabara kabla hamjaahidiana bei na mtu yeyote. Mengine yaendelee kwenda kwenye migomba.