Jibu: Land Rover ya babu, nipige rangi upya au niiache?
Mkuu, umeuliza kama hiyo Series III ya babu yako uipige rangi upya au uiache na mikwaruzo yake. Mimi rangi nisingeigusa. Ioshe, ipake nta, basi. Bodi ni ya aluminiamu, kutu haiko huko. Kutu iko kwenye chasisi na ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu yako. Lala chini ya gari, gonga chasisi karibu na springi za nyuma kwa bisibisi. Ncha ikizama, hapo hakuna mjadala wa kuliacha gari lilivyotoka kiwandani: kata, chomelea. Mipira ya breki nayo weka mipya. Fundi akikushawishi uweke injini ya Toyota (na atakushawishi tu!), ile ya zamani usiuze chuma chakavu, ihifadhi stoo pamoja na giaboksi yake.