Bafu la Zamani Lenye Marumaru: Shughulikia Mabomba Kabla ya Kubomoa Ukuta

Anayerithi au kununua nyumba ya miaka ya 1950 au 1960 hapa Mwanza, iwe Isamilo, Capri Point au katikati ya mji, anaweza kukuta bafu lenye marumaru ndogo za mraba, inchi sita kwa sita, za rangi ya waridi, kijani au samawati, zikiwa zimezungushiwa mstari mweusi kwa juu. Ushauri wa kwanza atakaopewa ni kubomoa. Nimesimamia ukarabati wa bafu la namna hiyo katika nyumba ya familia yetu Isamilo, na ninashauri kinyume chake, kwa sababu kinachochakaa hasa ni mabomba, nyaya na viungio, ilhali marumaru zenyewe zina uwezo wa kudumu miaka mingi zaidi.

"Mama, tukivunja yote tutamaliza haraka," fundi aliniambia siku ya kwanza. Nilimwomba agonge kwanza marumaru moja baada ya nyingine kwa mpini wa bisibisi. Iliyoshika vizuri hutoa mlio mkavu na mzito. Iliyoachana na ukuta hulia kama chungu kitupu. Zilizolia hivyo tuliziwekea alama ya chaki, na tulipomaliza tuliona kwamba alama karibu zote zilikuwa zimejikusanya chini ya koki ya shawa na kando ya bomba la choo. Kwa hiyo tulijua mahali maji yanapovuja kabla hata ya kushika patasi. Kumbuka pia kwamba mafundi wa enzi hizo walibandika marumaru juu ya tabaka nene la mchanga na saruji, si kwa gundi ya siku hizi, hivyo ukizibomoa ovyo utaangusha na plasta, na gharama ya kuujenga upya ukuta itakuwa yako.

Mabomba ndiyo yanayostahili fedha zako. Yale ya zamani ni ya chuma kilichopakwa zinki, na maji yetu ya ziwani ni laini, yenye madini machache. Hayajengi utando wa chokaa ndani ya bomba kama maji magumu yanavyofanya kwingineko, bali huacha chuma wazi kiliwe na kutu. Ndiyo maana doa la kahawia chini ya koki ni la kawaida katika nyumba hizi, na ndiyo maana shawa hutiririka kama uzi hata siku ambayo maji yana nguvu. Badilisha mabomba yote, uweke ya plastiki aina ya PPR, na mwambie fundi achimbe mifereji ya mabomba kutoka upande wa pili wa ukuta, yaani chumbani au nje, ambako plasta na rangi vinarudishwa kwa urahisi. Kabla ya kufukia, mabomba yajazwe maji kwa shinikizo na yaachwe usiku kucha, kisha kila kiungo kikaguliwe.

Choo kibaki pale kilipo. Kukihamisha kunamaanisha kuhamisha bomba la inchi nne lenye mteremko wa takribani sentimita moja kwa kila sentimita arobaini, na kwenye vilima vyetu sakafu nyingi zimekaa juu ya jabali la matale. Unachoweza kubadilisha bila kuchimba ni tangi la kusukumia maji: la zamani humwaga lita tisa au zaidi kwa mara moja, ilhali la kisasa lenye vitufe viwili hutumia lita sita au tatu, jambo lenye maana kubwa wakati wa mgao wa maji.

Marumaru za kuziba mapengo zitafute ndani ya bafu lenyewe kabla ya kuhangaika madukani, kwa kuwa zinazouzwa sasa nyingi zina ukubwa mwingine na rangi hazilingani. Zitoe mahali pasipoonekana, kama vile nyuma ya kabati. Kwangua kwanza saruji ya maungio pande zote nne kwa kipande cha msumeno wa chuma, kisha ingiza patasi nyembamba kwenye tabaka la nyuma, si kwenye uso unaong'aa. Kazi hii ifanyike ukiwa umelowesha ukuta na kuvaa barakoa, maana vumbi la saruji huumiza mapafu, na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ukizibandika tena kwa mchanga na saruji, ziloweke kwanza usiku kucha. Zikiwa kavu hunyonya maji ya saruji kabla haijakaza, na zitabanduka tena.

Kwenye usafi ninasisitiza jambo moja: asidi isikaribie bafu hili. Hula saruji ya maungio, huharibu sakafu ya terazo, ambayo kokoto zake mara nyingi ni za mawe ya chokaa, na ikichanganyika na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Sabuni ya unga, maji ya moto na brashi ya nailoni vinatosha kwa uchafu mwingi.

Shawa ya umeme iwe na waya wake yenyewe kutoka kwenye boksi la fyuzi, waya wa ardhi uliounganishwa kweli, na swichi ya kukata umeme unapovuja. Nyaya za enzi hizo hazikukusudiwa kubeba mzigo huo, kwa hiyo mtafute fundi umeme mwenye leseni.

Dirisha la vioo vya luva lisiondolewe. La alumini la kusukuma kando hufunguka nusu tu, ilhali luva hufunguka karibu lote na kuutoa mvuke unaoleta ukungu mweusi kwenye dari. Badilisha vioo vilivyovunjika, paka mafuta vishikio vyake, na uweke wavu mwembamba kwa ndani, kwa ajili ya mbu na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa kwa makundi.